Mafuta ya mmea yakipitishwa kwenye plazma na kuwa tabaka juu ya kifaa tiba, kinachozuia bakteria ni nini hasa?

#1 Mwanakemia wa Pwani

Wakuu, habari za leo.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma kazi za watafiti wa Chuo Kikuu cha James Cook kilichoko Townsville, Australia, hasa kazi zilizofanywa huko na kundi la Mohan Jacob na Kateryna Bazaka. Wanachukua mafuta ya melaleuca (tea tree), yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipodozi kwa ajili ya chunusi, na kutumia kiini chake kiitwacho terpineni-4-oli. Kiini hicho huachwa kiwe mvuke ndani ya chombo kilichotolewa hewa, kisha mvuke hupigwa kwa mawimbi ya redio ya megahezi 13.56 hadi uwe plazma, yaani gesi yenye chembe zilizopata chaji ya umeme. Molekyuli huvunjika, vipande vyake huungana upya, na kinachotua juu ya kioo, chuma au plastiki ni tabaka jembamba la polima (kitu cha jamii ya plastiki) ambalo halikuhitaji kiyeyushi wala kichocheo chochote. Katika majaribio yao, bakteria kama Staphylococcus aureus na Pseudomonas aeruginosa hushindwa kushika na kuzaliana juu ya tabaka hilo kama wanavyofanya mahali pasipopakwa.

Swali langu ni hili: ikiwa molekyuli ya mmea imevunjwavunjwa ndipo tabaka likapatikana, je, kinachowazuia bakteria bado ni dawa ya mmea, au tumepata plastiki nzuri tu? Msimamo wangu ni kwamba kuna molekyuli nzima za terpineni-4-oli zinazonaswa ndani ya tabaka bila kuvunjika, na hizo ndizo zinazotoka polepole na kuua. Karibuni tujadili.

#2 Mtoto wa Fundi

Mkuu, mimi nadhani msimamo wako unaanguka mapema. Plazma ni kama umeme wa radi, joto lake ni maelfu ya nyuzi. Hakuna molekyuli ya mmea itakayopita humo ikabaki nzima. Kinachotua kwenye kifaa ni kaboni iliyoungua.

#3 Ombwe

Ndugu Mtoto wa Fundi, hapo pana jambo la kurekebisha. Plazma inayozungumzwa hapa ni plazma baridi, nayo haihusiani na ile iliyomo kwenye damu, kwa faida ya wasomaji wengine. Ndani ya chombo chenye shinikizo dogo sana, elektroni peke yake ndizo zinazokuwa na nishati kubwa, wakati gesi yenyewe hubaki karibu na joto la kawaida la chumba. Ndiyo maana teknolojia hii hutumika tangu zamani juu ya plastiki ambazo zingeyeyuka kwenye joto dogo tu. Vyombo vya plastiki vya kuoteshea seli maabara hupitishwa kwenye plazma ili seli zishike, na zipo lenzi za macho zinazopakwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo kuungua hakupo. Kuvunjika kupo, lakini kiasi cha kuvunjika kinategemea nishati unayoipa kila molekyuli.

Hapo ndipo jibu la mleta uzi linapopata nguvu. Kundi hilohilo la Townsville lilitengeneza tabaka kwa wati 10 na jingine kwa wati 25. Lile la wati 10 lilionyesha uwezo wa kuua bakteria, na lile la wati 25 uwezo huo ulipungua sana. Ingekuwa ni plastiki nzuri tu, kwa nini nguvu ya umeme ilete tofauti kubwa hivyo?

#4 Mfamasia Kijana

Asante, mkuu Ombwe. Ninaongeza kwamba bakteria hawawezi kujenga usugu dhidi ya dawa za mimea kwa sababu zina viambato vingi kwa pamoja. Hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, hasa tukikumbuka kwamba makadirio ya mwaka 2019 yalihusisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani na usugu wa bakteria dhidi ya dawa.

#5 Daktari wa Vimelea

Takwimu ya vifo ni sahihi, lakini hoja ya usugu siyo, na ninaomba isisambae. Pseudomonas aeruginosa huvumilia mafuta ya melaleuca na terpineni-4-oli kuliko bakteria wengi, kwa sababu utando wake wa nje ni mgumu kupenya na kwa sababu ana pampu katika kuta zake ambazo hutoa nje sumu inayoingia. Pampu hizohizo hutoa pia baadhi ya viuavijasumu. Mmea nao ni kemikali, na bakteria hana heshima ya pekee kwa kemikali iliyotoka shambani.

Sasa tazameni jambo hili linavyoigeuza hoja ya mleta uzi. Ikiwa Pseudomonas huyo anavumilia terpineni-4-oli iliyo huru, na bado anashindwa kushika vizuri juu ya tabaka lililotokana nayo, basi huenda kinachomzuia si molekyuli inayotoka. Huenda ni uso wenyewe wa tabaka.

#6 Mhandisi wa Nyuso

Ninakubaliana na Daktari wa Vimelea. Katika mojawapo ya kazi hizo, tabaka lilipunguza mikwaruzo ya uso kutoka takriban nanomita 2.1 hadi 0.4. Uso ukiwa laini kiasi hicho, bakteria hapati pa kujishikiza. Nimefanya kazi na vyuma vya kusaga nafaka na vyuma vya maziwa, na kanuni ya kwanza tuliyofundishwa ni kulainisha uso. Maelezo yanaweza kuwa mepesi kuliko tunavyofikiri: plazma inazalisha uso laini, na mmea hauna sehemu yoyote katika kazi hiyo isipokuwa kutoa malighafi.

#7 Ombwe

Mkuu Mhandisi, piga hesabu ya ukubwa. Staphylococcus ana kipenyo cha karibu nanomita 1,000. Tofauti ya nanomita 2.1 na 0.4 kwake ni ndogo mno, na nyuso zote mbili kwa mwili wake ni sawa na sakafu ya terazo. Tena, matabaka ya plazma ya aina hii kwa kawaida huwa laini yote, yawe ya wati 10 au 25. Ulaini hauwezi peke yake kueleza kwa nini moja liue na jingine lisiue.

#8 Mhandisi wa Nyuso

Mwili wa bakteria ni mkubwa, ndiyo, lakini hashiki kwa mwili mzima. Anashika kwa protini na nyuzi ndogo zilizo juu ya ukuta wake, nazo zina ukubwa wa nanomita chache. Kwa hizo, tofauti hiyo ina maana. Vilevile tutofautishe kuua na kuzuia kushika. Wewe unaeleza kuua, mimi ninaeleza kushika, na inawezekana tabaka moja likafanya yote mawili kwa sababu mbili tofauti.

#9 Mwanakemia wa Pwani

Hapo mmenifikirisha, lakini sijauacha msimamo wangu. Kuna maelezo ya tatu yanayokaa katikati. Kwa nguvu ndogo, kundi la hidroksili la terpineni-4-oli, yaani ile oksijeni na hidrojeni yake, huweza kubaki likiwa limefungwa kwenye polima. Kwa nguvu kubwa hupotea, na tabaka hukaribia kuwa hidrokaboni tupu. Kwa hiyo si lazima molekyuli nzima itoke. Inatosha sehemu yake yenye kazi ibaki usoni.

#10 Daktari wa Vimelea

Terpeni nyingi huua kwa kuingia ndani ya utando wa seli na kuuvuruga mpaka potasiamu ianze kuvuja. Kundi la kemikali lililofungwa kwenye polima litaingiaje ndani ya utando? Mwenye jibu la hili alilete, kwa sababu mimi sijaridhika na maelezo ya mauaji kwa kugusana tu.

#11 Karafuu ya Wawi

Salaam, wakuu. Mnazungumzia mti wa Australia wakati sisi Pemba tuna mafuta ya karafuu na mafuta ya makonyo (vikonyo vya karafuu) yanayokamuliwa hapa Wawi. Yujenoli ndiyo sehemu kubwa ya mafuta hayo, na hakuna aliyewahi kuumwa jino visiwani asiyeijua kazi yake. Je, hayawezi kuingizwa kwenye mashine hiyo? Tukifanikiwa, bei ya karafuu na makonyo itapanda, na mkulima atanufaika.

#12 Mtoto wa Fundi

Mpemba hata akialikwa kwenye mjadala wa plazma atakuja na gunia la karafuu begani. Lakini swali ni zuri, lijibiwe.

#13 Mwanakemia wa Pwani

Kikemia inawezekana, kwa sababu yujenoli inaweza kufanywa mvuke na ina kifungo maradufu kwenye mkia wake ambacho husaidia kuunganisha polima. Ugumu uko kwenye sehemu yake ya fenoli. Fenoli ina tabia ya kukamata radikali huru, yaani vipande vya molekyuli vyenye elektroni isiyo na mwenza, na polima ya plazma hujengwa kwa sehemu kubwa na radikali hizo. Tabia inayoifanya yujenoli ihifadhi mafuta yasichache ndiyo hiyohiyo inayoweza kupunguza kasi ya kujenga tabaka. Si kikwazo kisichovukika, ila itabidi mtu apime nguvu na mtiririko upya, asinakili vipimo vya terpineni-4-oli.

Kuhusu bei, ninasikitika kukujibu hivi, ndugu yangu. Tabaka la nanomita 500 juu ya eneo la mita moja ya mraba lina ujazo wa nusu sentimita ya ujazo, yaani takriban nusu gramu. Katheta ya mkojo, yaani mpira wa kutolea mkojo kwenye kibofu, yenye urefu wa sentimita 40 na kipenyo cha milimita 5 ina uso wa nje wa kama sentimita 63 za mraba, kwa hiyo inahitaji karibu miligramu 3 tu. Hata kama mvuke mwingi utapotea kupitia pampu, pipa moja la mafuta litapaka katheta nyingi mno. Thamani haitakuwa kwenye wingi wa karafuu. Itakuwa kwa yule anayemiliki mashine na ujuzi, na hapo ndipo Zanzibar ingepaswa kuwekeza kama inalitaka jambo hili.

#14 Ombwe

Mkuu, hesabu yako ya miligramu 3 imeuvunja msimamo wako wa kwanza. Kiasi cha chini cha mafuta ya melaleuca kinachozuia ukuaji wa bakteria wengi ni karibu asilimia 0.25 hadi 0.5. Mililita moja ya mkojo kwa asilimia 0.25 inahitaji takriban miligramu 2.5. Kwa hiyo hata tabaka lote lingegeuka kuwa mafuta huru, lingeweza kulinda zaidi kidogo ya mililita moja, ilhali mtu mzima hutoa kama lita moja na nusu kwa siku. Molekyuli zilizonaswa haziwezi kuwa maelezo ya ulinzi wa siku kadhaa.

#15 Mwanakemia wa Pwani

Unahesabu kana kwamba tabaka linapaswa kuua mkojo wote. Halina kazi hiyo. Bakteria anayekuja kushika yuko ndani ya maikromita moja au mbili kutoka usoni, na kule mkusanyiko wa molekyuli unaweza kuwa mkubwa hata kama katikati ya bomba ni sifuri. Nitakubali tu kwamba ulinzi wa namna hiyo una mwisho.

#16 Muuguzi wa Zamu

Nimesoma tangu mwanzo, nanyi mnabishana vizuri, ila ninaomba mshuke wodini kidogo. Kwanza, watu wakisikia vifaa tiba wanafikiria mikasi na koleo za upasuaji. Hivyo havihitaji tabaka hili. Vikioshwa vizuri, kisha vikaingia kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wenye shinikizo) kwa nyuzi 121 au 134 kwa muda unaotakiwa, vinatoka salama, na tatizo letu huwa ni kuosha kwa haraka kabla ya kutakasa, si kukosa plazma. Tabaka linahitajika kwa vitu vinavyobaki mwilini: katheta, mipira ya kupumulia, mirija ya plastiki inayoingizwa kwenye mshipa mkubwa wa damu, na viungo bandia.

Pili, nimemhudumia mzee mwenye tezi dume ambaye katheta yake iliziba mara kwa mara. Tulipoitoa, ncha yake ilikuwa imejaa chokaa ngumu. Maabara ilimpata Proteus mirabilis. Huyu huvunja urea, mkojo unakuwa wa alkali, kisha chumvi zinaganda juu ya mpira. Sasa niambieni, tabaka lenu la nanomita 500 litafanya nini likishafunikwa na chokaa hiyo? Bakteria wa baadaye hawataligusa kamwe.

#17 Daktari wa Vimelea

Dada Muuguzi ametaja jambo zito kuliko yote yaliyotangulia. Nami ninaongeza kwamba hata bila chokaa, kifaa kikiingia mwilini protini za damu au za mkojo hukifunika ndani ya muda mfupi mno. Bakteria anakutana na protini hizo kabla hajakutana na mmea wenu. Na kipimo kinachotumika sana cha nyuso zinazozuia bakteria, ISO 22196, huweka tone la bakteria juu ya sampuli, hulifunika kwa karatasi ya plastiki na kuliacha saa 24 kwenye unyevu na joto la nyuzi 35. Hakuna damu, hakuna mtiririko, hakuna kinga ya mwili. Kipimo hicho ni halali kwa kulinganisha sampuli, ila hakisemi lolote kuhusu mgonjwa.

Tunao mfano ulio wazi. Katheta zilizopakwa mchanganyiko wa madini ya fedha zilisifiwa kwa miaka mingi kutokana na matokeo ya maabara. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa la Uingereza, katika jarida la Lancet, lililohusisha maelfu ya wagonjwa wa hospitalini waliowekewa katheta kwa muda mfupi. Katheta za fedha hazikupunguza maambukizi yenye dalili ikilinganishwa na za kawaida. Hiyo ni fedha, ambayo tunajua fika kwamba inaua.

#18 Mfamasia Kijana

Je, hiyo haimaanishi kwamba wazo lote la kupaka vifaa limeshindwa? Kama katheta ikikaa huongeza hatari ya bakteria kwenye mkojo kwa asilimia 3 hadi 7 kila siku, kama tulivyofundishwa, basi dawa ya kweli ni kuitoa mapema.

#19 Muuguzi wa Zamu

Kuitoa mapema ni sawa, na ndiyo kazi yangu kumkumbusha daktari kila asubuhi. Lakini mgonjwa aliyevunjika uti wa mgongo hataitoa wiki hii wala mwakani. Nami sikubali kwamba huyo asitafutiwe kitu bora kwa sababu wengine wanaweza kutolewa katheta yao mapema.

#20 Mhandisi wa Nyuso

Nina swali la kiufundi kwa mkuu Ombwe. Bakteria hupanda katheta kwa njia mbili, nje ya mpira na ndani ya tundu lake. Plazma huingiaje ndani ya tundu jembamba lenye urefu wa sentimita 40?

#21 Ombwe

Kwa shida. Plazma ya kawaida hupenda nafasi, na mvuke unaoingia kwenye tundu huanza kutua mlangoni, kwa hiyo unapata tabaka nene mwanzoni na jembamba au lisilokuwepo mbele. Zipo njia za kuwasha plazma ndani ya bomba lenyewe, lakini kulipata tabaka la unene mmoja hadi mwisho ni kazi ngumu. Hii ni sababu mojawapo inayonifanya nione viungo bandia na skrubu za mifupa vikinufaika kabla ya katheta.

Nisahihishe pia jambo ambalo limeanza kuzoeleka humu, kwamba wati 10 ni nzuri na wati 25 ni mbaya. Wati peke yake haina maana nje ya mashine ile iliyotumika. Kinachohesabika ni nguvu ikigawanywa kwa mtiririko wa mvuke na uzito wa molekyuli, kipimo kinachohusishwa na jina la mtafiti Yasuda. Mwenye chombo kikubwa na mtiririko mkubwa anaweza kutumia wati nyingi zaidi na bado akahifadhi makundi ya kemikali.

#22 Msaidizi wa Meno

Niongeze kisa kutoka upande wa meno. Saruji ya oksidi ya zinki na yujenoli imetumika kwa miaka mingi kuziba meno kwa muda, na kwa wengi inatuliza. Hata hivyo nimeona wagonjwa ambao fizi na midomo yao hushika wekundu na vidonda kila inapowagusa, na tulilazimika kutumia saruji isiyo na yujenoli. Mafuta ya melaleuca nayo yakikaa wazi na kuoza kwa hewa huwa na tabia ya kuamsha mzio wa ngozi. Kwa hiyo ninapoona neno mmea linatumika kama uthibitisho wa usalama, ninapata wasiwasi mkubwa. Kitu kinachovuruga utando wa bakteria kinaweza kuvuruga na utando wa seli ya binadamu.

#23 Karafuu ya Wawi

Dada, hilo ni kweli, lakini kumbuka tabaka likishakuwa polima haliachii mafuta mengi. Mkuu Mwanakemia ametuonyesha ni miligramu chache mno. Huwezi kuogopa sumu ya kitu ambacho wenzetu wanasema hakitoki.

#24 Msaidizi wa Meno

Basi kisipotoka, kinaua vipi? Na kikitoka, mzio upo. Kila anayetetea tabaka hili humu achague upande mmoja kabla hajazungumzia usalama.

#25 Mkulima wa Mikaratusi

Habari zenu. Huku nyanda za juu tumezungukwa na mikaratusi, na nimesoma kwamba sineoli iliyomo kwenye mafuta yake nayo imetengenezewa tabaka kwa plazma huko Melbourne. Je, majani tunayoyachoma baada ya kukata nguzo yangefaa?

#26 Mwanakemia wa Pwani

Inategemea aina ya mti, mkuu. Eucalyptus globulus ina sineoli nyingi majani mwake. Eucalyptus grandis, ambayo wengi wameipanda kwa ajili ya mbao na nguzo, ina kiasi kidogo, na mafuta yake yametawaliwa na terpeni nyingine. Tambua kwanza aina uliyonayo. Hata hivyo, hesabu ya nusu gramu kwa mita ya mraba inakuhusu wewe pia kama inavyomhusu ndugu wa Wawi.

Nikirudi kwa Msaidizi wa Meno, sidhani kuchagua upande mmoja ni lazima. Kundi la Townsville lenyewe limejaribu njia ya kuchanganya, kwa kupachika chembe ndogondogo za oksidi ya zinki ndani ya tabaka lililotokana na mafuta ya jeraniamu, yaani ule mmea wenye harufu ya waridi ambao mafuta yake hutiwa kwenye sabuni. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2019. Hapo polima hushika chembe na zinki hufanya sehemu ya kuua. Mimi ninaisoma hatua hiyo kama ishara kwamba watafiti wanaona polima ya mmea ikihitaji msaada.

#27 Ombwe

Au ni ishara kwamba polima ya mmea ni mshikaji mzuri wa kitu kingine. Hayo ni maelezo mawili tofauti, na data hazituruhusu kuchagua.

#28 Daktari wa Vimelea

Ningependa kuona jaribio moja tu. Chukueni tabaka la wati 10, lioshwe kwenye maji ya chumvi yanayobadilishwa kila siku kwa wiki mbili, kisha lijaribiwe upande mmoja na maji yale yaliyooshea yajaribiwe upande wa pili. Maji yakiua na tabaka lisiue, mleta uzi ameshinda. Tabaka likiua na maji yasiue, maelezo ya makundi ya usoni yameshinda, nami nitadaiwa kueleza linavyoupasua utando wa seli. Vyote visipoua lakini bakteria washindwe kushika, Mhandisi wa Nyuso achukue ushindi wake. Na sampuli zote zipakwe kwanza protini za damu, la sivyo Muuguzi wa Zamu hatatusikiliza.

#29 Muuguzi wa Zamu

Nitawasikiliza, ila ongezeni sampuli moja iliyopita kwenye gesi ya ethilini oksaidi na nyingine iliyopita kwenye otoklevu kabla ya kujaribiwa. Hakuna kifaa kitakachoingia mwilini mwa mgonjwa wangu bila kutakaswa, na tangu post ya kwanza hakuna aliyeniambia tabaka hilo linatokaje upande wa pili wa mvuke wa nyuzi 134.

#30 Mhandisi wa Nyuso

Ukitumia mvuke wa nyuzi 134, ninatarajia tabaka la wati 10 liathirike zaidi kuliko la wati 25, kwa sababu polima iliyotengenezwa kwa nguvu ndogo huwa na viungo vichache vya kuibana. Ikiwa ni hivyo, lile linaloua ndilo lisilovumilia otoklevu, na lile linalovumilia haliui. Mkuu Ombwe, unalionaje hilo?